Soksi Ikinyooka

Usiku wa Loiyangalani hauhitaji saa. Upepo ukishashuka kutoka Mlima Kulal na kuanza kuyachapa makuti ya mikoma, mwenye mashua huivuta juu zaidi ufuoni mwa Ziwa Turkana, na mwenye ndege huinuka kwenda kukagua kamba zake.

Jioni ile kiwanjani kulikuwa na ndege moja tu, Super Cub ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Ni mifupa ya mabomba ya chuma iliyovikwa kitambaa, magurudumu mawili manene mbele na kijigurudumu chini ya mkia. Ilikuwa imefungwa kwenye mapipa yaliyojaa mawe. Kila mkupuo wa upepo ulipopita, mabawa yalijaribu kuruka yenyewe, kamba zikakaza, yakarudi chini. Ndege ya aina hii ikiwa tupu haifiki kilo 500, na mabawa yake kutoka ncha hadi ncha yanapita mita 10. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini tulichelewa kulala tukibishana.

Tulikuwa watano. Mzee ni rubani mstaafu aliyeizunguka kaskazini ya Kenya kwa ndege za gurudumu la mkia kwa zaidi ya miaka thelathini. Kepteni ni mwanamke kijana anayeirusha hiyo Super Cub kuhesabu wanyamapori. Fundi alikuwa ametoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na sanduku lake la spana. Mlinzi wa kiwanja ni mzaliwa wa hapa. Kazi yake ni kuondoa mbuzi na mawe njiani kabla ndege haijatua. Wa tano mimi, mjukuu wa nahodha wa Lamu, niliyejifunza ndege ya mkia nikiwa tayari na mvi.

Swali lililetwa na soksi ya upepo. Kabla jua halijazama ilikuwa imenyooka kama mkono wa askari wa trafiki, ikielekeza kuikata njia ya kutua katikati. Kepteni alikuwa ametua saa nane mchana, upepo ukiwa umelegea. Je, kama angefika sasa, angetua vipi?

FUNDI: Kabla hamjagombania namna ya kutua, tukubaliane tunamzungumzia mnyama gani. Mshale una chuma mbele na manyoya nyuma, ndiyo maana huenda umenyooka. Urushe manyoya mbele uone: utageuka hewani. Ndege yenye gurudumu la pua, kama Cessna 172 iliyoingia sokoni mwaka 1956, uzito wake uko mbele ya magurudumu makuu. Ikigusa ardhi imekaa upande, msuguano wa matairi unaivuta ijinyooshe. Hii ya mkia uzito wake uko nyuma ya magurudumu makuu. Ikigusa upande, msuguano uleule unaizidishia upande. Ni mshale wa manyoya mbele. Halafu leta upepo wa ubavu, unaolipiga bapa la mkia kama tanga na kuigeuza pua ielekee upepo unakotoka. Vitu viwili, vyote vinasukuma kule kule. Marubani wanaita graundilupu: ndege inazunguka ardhini kama pia, bawa la upande wa pili linainama na kukwaruza chini, mguu wa upande huo unakunjika. Propela ikila mchanga, injini nzima inafunguliwa kukaguliwa. Nikiletewa bawa lililovunjika naweza kukwambia siku ile upepo ulitoka wapi.

MZEE: Basi dawa yake umeshaitaja mwenyewe. Kinachovunja bawa ni mwendo. Mimi natua kwa magurudumu yote matatu pamoja, pua juu, stiki imevutwa mpaka tumboni, ndege imechoka kabisa kuruka. Alama tatu. Ikigusa, haina nguvu ya kwenda popote, na kijigurudumu cha mkia kimeshauma ardhi kinanishikia njia.

KEPTENI: Kwa heshima yako, Mzee, hapo ndipo tunapoachana. Upepo wa hapa hauji laini, unakuja kwa mikupuo. Ukiwa umekaa hivyo pua juu, mabawa bado yameukabili upepo kwa pembe kali. Mkupuo mmoja wa noti nane unakuinua tena mita mbili, sasa huna mwendo na usukani hauna hewa. Utaanguka upande. Mimi naweka magurudumu mawili ya mbele chini, mkia ukiwa juu, halafu nasukuma stiki mbele kidogo. Bawa linalala bapa, haliwezi kuinuka tena. Naiona njia yote mbele yangu. Wewe pua imekuziba, unachungulia pembeni. Na kwa kuwa nimekuja na mwendo zaidi, usukani wa mkia unapata hewa ya kutosha kupigana na upepo.

Hapa niliingilia kati, kwa sababu wote wawili walikuwa wanairuka hatua ambayo msomaji asiyerusha ndege anaihitaji. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, kwa hiyo noti 20 ni kama kilomita 37. Ndege inayokuja kutua kwa noti 50, ubavuni ikipigwa na upepo wa noti 20, haiwezi kuielekeza pua kwenye njia. Itabebwa kama jahazi linalovuka mkondo. Rubani huipindisha pua upande wa upepo kwa nyuzi 24 hivi, na ndege huja kwa mwendo wa kaa, uso huku na safari kule. Ndege kubwa ya abiria inayokuja kwa noti 140 katika upepo huohuo hupindisha pua nyuzi 8 tu. Ndiyo maana upepo ambao abiria wa ndege kubwa hawausikii unaweza kuwa vita kwa ndege ya kitambaa.

Lakini magurudumu hayakubali mwendo wa kaa. Kabla ya kugusa, pua lazima inyooshwe kwa pedali za miguu, na ikishanyooka upepo unaanza kuibeba ndege. Kwa hiyo rubani hulilaza bawa la upande wa upepo, upande wa goshi kama angesema babu yangu, ili ndege iteleze kuelekea upepo kwa kiasi kilekile inachosukumwa. Mkono unakwenda goshi, mguu unakwenda demani. Gurudumu la goshi ndilo hugusa kwanza, peke yake. Mzee akaongeza kwamba hata alama tatu zake katika upepo wa ubavu huanza kuwa mbili: gurudumu la goshi na la mkia, kisha la demani linafuata lenyewe. Babu alikuwa na mazoea ya kusema na usukani kwa mikono yake yote miwili, kimyakimya, na sikuwahi kumwona akiuachia hata chombo kikiwa kimeshaingia bandarini. Nilimkumbuka sana siku nilipovunja bawa.

MZEE: Haya, binti yangu, tuhesabu. Mimi nagusa kwa noti 40, wewe kwa 50. Umeongeza mwendo kwa robo. Lakini nguvu iliyo ndani ya ndege huongezeka kwa mwendo mara mwendo, maana yake umebeba nguvu zaidi yangu kwa asilimia 56. Hiyo yote lazima uimalize njiani. Na mkia wako utashuka lini? Maana utashuka tu. Mwendo ukipungua, usukani unapoteza hewa, mkia unashuka, kijigurudumu bado hakijagusa. Kuna sekunde tatu hivi hapo. Katika sekunde hizo tatu, ndege ni ya nani?

KEPTENI: Ni yangu, Mzee. Singoji mkia udondoke wenyewe. Naushusha mimi usukani ukiwa bado na nguvu, halafu navuta stiki nyuma yote kuubana chini. Na bawa la goshi nazidi kulilaza kadiri mwendo unavyopungua, mpaka stiki inafika mwisho wa upande.

MZEE: Kumbe mwisho wa safari yako ni alama tatu zangu.

KEPTENI: Na mwanzo wa safari yako, kama mkupuo ukikukuta, unautamani mkia wangu wa juu.

Mzee alicheka, kicheko cha mtu aliyefurahi kupata mshindani. Ubishi huu ni wa zamani, na nimewahi kukaa na marubani ambao wangeweza kuacha kusalimiana kwa ajili yake. Mimi naona kila mmoja ameshika ukweli wa sehemu yake. Katika upepo mkali usio na mikupuo, Mzee ana hoja nzito. Katika upepo wa kupandashuka, namfuata Kepteni. Lakini kilichovunja bawa langu hakikuwa lolote kati ya haya mawili. Upepo ulikuwa wa noti 12 tu, njia ya lami, nimegusa vizuri, nimepumua, nikaanza kuwaza chai. Miguu ikalegea juu ya pedali. Pua ikaelekea upepo unakotoka kidogo tu, kama mtu anayegeuka kuangalia nani kamwita, na nilipokanyaga kuirudisha ilikuwa imeshaamua. Kelele ya kitambaa na mbavu za aluminiamu zikikwaruza lami siisahau. Mwalimu wangu aliyekuwa kiti cha nyuma hakunilaumu. Alizima injini, akashuka, akasimama kando ya lile bawa muda mrefu bila kusema neno. Nililia nikiwa mtu mzima.

FUNDI: Sasa mniruhusu niulize swali ambalo mnalikwepa. Kwa nini mnajitesa? Daktari Anne Spoerry, yule ambaye watu wa kaskazini walimwita Mama Daktari, aliwatibu watu katika viwanja vya huku kwa miaka na miaka, na Piper zake zilikuwa za gurudumu la pua. Leo Caravan zinashuka viwanja vya mawe, nazo ni za pua. Mshale wa manyoya nyuma upo. Utumieni.

KEPTENI: Fundi, wewe mwenyewe umeshabadilisha miguu ya pua mingapi? Mguu wa pua ni mwembamba na unaingia shimoni wa kwanza. Propela ya ndege ndogo ya pua iko karibu na ardhi, inafyonza kokoto. Yangu imeinuka kwa sababu nimekaa kwenye mkia. Huku hakuna lami, kuna mawe ya volkano.

FUNDI: Mingi. Sikatai. Ila nimeunga mabawa mengi zaidi kuliko miguu ya pua, na sijawahi kusikia rubani akisema kosa lilikuwa la ndege.

Hakuna aliyemjibu. Upepo ulikuwa umeongezeka, moto tukauhamishia nyuma ya ukuta wa mawe. Mlinzi wa kiwanja, aliyekuwa kimya tangu magharibi, alielekeza rungu lake gizani, kule soksi iliko.

MLINZI: Ile soksi ikinyooka imemaliza maneno. Haiwezi kusema zaidi. Mnauliza mtatua vipi, na hamjajua upepo ni mkali kiasi gani.

Ni kweli. Soksi ya kawaida ya viwanjani hutengenezwa inyooke kabisa upepo unapofika noti 15. Kuanzia hapo, 20 na 35 zinafanana machoni. Marubani wanaoliheshimu eneo hili husoma vitu vingine: mistari ya mapovu juu ya ziwa, ambayo hujipanga kufuata upepo, ufuo wenye maji matulivu, ambao ndio upande upepo unakotoka, moshi, vumbi la ngamia, namna mikoma inavyoinama.

Na upepo huu una saa zake, tofauti na sehemu nyingine za nchi. Mwaka 1982 wataalamu wawili wa hali ya hewa, J. H. Kinuthia na G. C. Asnani, walichapisha maelezo ya mto wa hewa unaopita chini chini kutoka kusini mashariki, ukibanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kama maji yanavyobanwa kwenye mlango wa bahari. Huvuma mwaka mzima, na nguvu yake huwa kubwa zaidi usiku kuelekea alfajiri. Mitambo 365 ya Lake Turkana Wind Power, yenye uwezo wa megawati 310, ilisimamishwa hapa karibu kwa sababu hiyo. Rubani aliyefundwa Nairobi amezoea kuambiwa aruke asubuhi na mapema hewa ikiwa tulivu. Akileta mazoea hayo Turkana, anafika saa moja asubuhi na kukutana na upepo wote wa usiku ukimngoja.

KEPTENI: Ndiyo maana nilitua saa nane. Ila mchana nao una adhabu yake. Upepo unalegea, ardhi inachemka, chamchela zinaanza kutembea. Nimewahi kuiona soksi ikizunguka pande zote nne kabla sijamaliza kuteremka.

MZEE: Na vitabu vya ndege havikusaidii. Watu wanasoma kwamba ndege imethibitishwa kwa upepo wa ubavu wa noti kadhaa, wanadhani huo ni mpaka wa uwezo wake. Kanuni za Marekani za ndege ndogo zilidai ionyeshwe kwamba inaweza kutua katika upepo wa ubavu usiopungua moja ya tano ya mwendo ambao bawa linaacha kubeba. Kwa ndege hii hiyo haifiki hata noti 10. Ni kiwango cha chini cha kupasi mtihani. Uwezo wake halisi unauona ukiwa hewani: laza bawa, nyoosha pua, kanyaga pedali. Kama pedali imefika mwisho na pua bado inakataa kukaa kwenye mstari, ndege imeshakujibu. Ondoka.

KEPTENI: Karibu na ardhi upepo hupungua, Mzee. Kilichonishinda kwenye mita mia moja naweza kukimudu kwenye mita mbili.

MZEE: Ujaribu mpaka mita mbili, sawa. Usijaribu mpaka sifuri.

Basi nikauliza kuhusu ujanja unaosifiwa sana, wa kuikata njia kona kwa kona ili upepo usikupige ubavu mzima. Kepteni alichukua kijiti akaandika mchangani. Njia yenye upana wa mita 30, ndege inayosimama ndani ya mita 150: ukikata kona unageuza uelekeo kwa nyuzi 11 tu. Kama upepo ni noti 20 na unakuja ubavuni kabisa, umepata kama noti 4 za upepo wa mbele, na wa ubavu bado unakaribia 20 uleule. Lakini kama upepo ulikuwa tayari unakuja kwa nyuzi 45, wa ubavu unashuka kutoka noti 14 hadi 11. Ujanja humsaidia zaidi yule ambaye hakuwa na shida kubwa. Nimelikumbuka somo hilo la mchangani kuliko mengi niliyosoma kwenye karatasi.

Na hapo ndipo niliposema langu, ambalo nalisimamia hadi leo. Upepo wa ubavu umeletwa na njia ya kutua. Ndege za kwanza zilitua kwenye viwanja vya nyasi vilivyo wazi pande zote, na rubani alichagua uelekeo kwa kuangalia moshi. Gipsy Moth, ndege ambayo Wilson Airways ilianza nayo Nairobi mwaka 1929, haikuwa na breki. Chini ya mkia ilikuwa na kijiti cha chuma cha kuburuza, kilichochimba nyasi na kuishikilia ndege kama nanga ya nyuma. Ilikuwa ndege ya mkia iliyo nyumbani kwake. Kisha zikaja ndege nzito, zikataka njia ngumu, na njia ngumu ni ghali, ikajengwa moja au mbili. Viwanja vya vita vya Uingereza miaka ya 1940 vilikuwa na njia tatu zilizokatana pembetatu ili walau moja iwe karibu na upepo. Uwanja wa Wilson bado una mbili zinazokatana. Kiwanja cha kijijini kina moja, iliyochorwa pale ambapo mawe yalikuwa machache au barabara ilikuwa karibu.

Wahandisi waliliona tatizo mapema. Ndege ambayo Louis Blériot alivukia mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza mwaka 1909 ilikuwa na magurudumu ya mbele yanayoweza kugeuka yenyewe, ili ndege iweze kutua kwa mwendo wa kaa. Baada ya vita kuu ya pili, Goodyear ikatengeneza magurudumu ya namna hiyo kwa ndege ndogo za mkia, zikiwemo baadhi za Cessna. Hayakudumu. Tunaendelea kumtaka binadamu, kwa miguu yake miwili, alipe deni la mchoro wa njia.

Jangwa lina ardhi ya bure pande zote. Kwa nini tunatua ubavu jangwani?

MZEE: Jangwani Chalbi niliukwepa ubavu mara nyingi. Tambarare kavu, hakuna mti. Unaelekeza pua upepo unakotoka, mambo yamekwisha. Upepo wa noti 25, ndege inagusa kwa noti 40 za hewani, lakini juu ya ardhi inakwenda 15 tu. Mwendo wa baiskeli.

Nilipiga hesabu kimoyomoyo: nguvu ya kuimaliza ardhini ni kama moja ya saba ya ile ya kutua bila upepo. Upepo uleule uliokuwa unavunja bawa sasa unashika breki.

MLINZI: Chalbi inadanganya, Mzee wangu unajua. Mvua ikinyesha mbali, milimani, hapa hamuioni, lakini maji yanakuja chini. Juu inakauka, nyeupe, inang'aa. Chini ni tope. Ngamia anajua, anakataa kukanyaga. Gari halijui.

MZEE: Ndege pia haijui. Ndiyo maana tulikuwa tunaburuza magurudumu kwanza, mwendo ukiwa kamili, tunagusa kidogo, tunaondoka, tunazunguka kuangalia alama. Alama ikiwa nyeusi, ni maji. Na kung'aa kule ni hatari nyingine, jicho halijui ardhi iko mita moja au tano.

KEPTENI: Na ukishasimama ukiwa umeelekea upepo wa noti 25, hujamaliza. Ukitaka kugeuka kurudi kwenye mapipa, ubavu ni uleule. Bila mtu wa kushika nguzo ya bawa, utapinduliwa ukiwa ardhini. Mara mbili huyu hapa alinishikia bawa.

Mlinzi hakuipokea ile sifa. Alikuwa bado yuko kwenye lake.

MLINZI: Nyinyi mnazungumza rubani na ndege. Kuna mtu wa tatu. Kuna mwaka ndege ya daktari ilikuja, ikazunguka juu ya kiwanja mara tatu, ikarudi. Mama mmoja alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, kivulini, tumemleta usiku kucha. Tuliiona ndege ikipotea. Watu walimtukana rubani. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya soksi, nilijua upepo ulivyokuwa. Sikumlaumu rubani. Niliilaumu njia.

Kimya kilichofuata sikijazi kwa maneno yangu. Kepteni aliuliza, kwa sauti ya chini, yule mama alipatwa na nini. Ndege ilirudi alasiri upepo ulipolala, Mlinzi akasema. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Nimesikia watu wakimsifu rubani aliyetua kwenye upepo usiotulika, na wakimwita mwoga aliyeondoka. Sikubaliani nao hata chembe. Rubani aliyezunguka mara tatu alijaribu mara tatu, na angevunja ndege pale, daktari angekuwa mgonjwa wa pili na kitanda cha kamba ni kimoja. Lakini hasira ya wale waliobaki chini pia ni ya haki. Inatafuta mahali pa kukaa, na Mlinzi, asiyewahi kushika stiki, alikuwa amepaona: kwenye njia.

Tuliachana karibu usiku wa manane. Mzee na Kepteni walikuwa bado wanavutana kuhusu zile sekunde tatu.

Niliamka alfajiri kwa sauti ya mawe. Upepo ulikuwa unanguruma, soksi imenyooka ubavuni mwa njia kama jana, Super Cub inatikisika kwenye kamba. Nyuma ya kiwanja, kwenye ardhi ambayo nilidhani ni uwanda tu, Mlinzi alikuwa ameinama akiokota mawe na kuyatupa pembeni. Nilipokaribia niliona kwamba hakuanza siku hiyo. Kulikuwa na ukanda uliosafishwa, mawe yamepangwa kingo zote mbili, baadhi yamepakwa chokaa, na ukanda wenyewe ulikuwa umeelekea upepo unakotoka. Aliniambia amekuwa akifanya hivyo miezi kadhaa, mbuzi wakishanywa maji.

Kepteni alifika akiwa amejifunga shuka kichwani. Alisimama mwanzo wa ukanda, akafumba macho, akageuza uso mpaka upepo ukampiga mashavu yote mawili sawasawa. Alipofumbua alikuwa anatazama katikati kabisa ya mistari ya chokaa. Alimwambia Mlinzi kwamba hatautumia mpaka ukaguliwe na kibali kipatikane, na kwamba barua ataiandika yeye mwenyewe wiki hiyo. Mlinzi akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mawe.

Fundi alihesabu hatua: 140. Ukiwa na upepo huu, Kepteni alisema, hiyo inatosha kutua. Kwa kuruka na mizigo siku ya joto, angependa 200. Mzee aliketi juu ya pipa na kutuelekeza kwa fimbo mahali palipobonyea. Tukavaa viatu vya kazi, tukaanza kusafisha hatua 60 zilizobaki.